Bosi, visa siyo kibali!

Kuna tabia ya mabosi wa Dar inanichosha. Fundi wa mitambo kutoka nje ya nchi kashatua uwanja wa ndege, Terminal 3, kashapelekwa hotelini Masaki, ndipo sisi wa rasilimali watu tunapigiwa simu: "Shughulikieni kibali, Jumatatu anaanza." Anaanza nini, jamani? Mgeni mwenyewe kaingia na visa ya utalii!

Sheria ya 2015 ya kuratibu ajira za wageni iko wazi. Kibali cha kazi kinatoka kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi daraja B, yaani cha mgeni aliyeajiriwa, kinatoka Uhamiaji. Viwili hivyo, na vyote kabla mtu hajagusa spana. Bosi akisikia tu "visa ya biashara" anaona kamaliza.

Halafu ule mpango unaotakiwa na sheria hiyo hiyo, wa mgeni kumrithisha Mtanzania ujuzi wake! Nikiuliza nani atarithishwa, najibiwa, "Weka jina lolote." Juzi wameniletea jina la dereva. Mzee wa watu, anastaafu mwakani, eti arithi mtambo wa kujaza chupa!

Kibali chenyewe hakizidi miezi 24, lakini siku ya kuhuisha ikifika wanashtuka kama watu wa bondeni Jangwani na mafuriko yao ya kila masika. Na pasipoti ya huyu wa Masaki, hata nakala sijapewa.