Kinga iko sawa, mbona macho yakawa ya njano?

Jamaa mmoja wa jimu huku Umoja, mtu wa kubeba vyuma kila asubuhi, alikuja siku moja macho yamekuwa njano na mkojo kama strungi, watu wa ploti wakasema ni homa ya manjano, kumbe wapi, hiyo inaletwa na mbu, yeye alikuwa na hepa B (hepatitis B, ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi). Swali la kila mtu: si huyu ana nguvu, ukimwi hana, sukari hana?

Sasa kirusi cha hepa B chenyewe si ndicho kinaua seli za ini, ni kinga ya mwili inaziua ikikisaka mle ndani, kwa hivyo yale macho yalikuwa kinga ikipiga kazi. Ndio maana wanaosema mtu mzima mwenye afya asibabaike wana pointi, karibu 95 kati ya watu wazima 100 wanakimaliza wenyewe ndani ya miezi 6. Huyu ashapona, ashaanza tena kutusumbua na vyuma vyake. (Wale wa kumletea miti shamba ati ya kuosha ini, jameni, ini linawaka mnaliongezea mzigo?)

Lakini beshte yake, ambaye hajawahi kukosa kazi hata siku moja, alienda kutoa damu ya operesheni ya shangazi yake, ikapimwa, akaitwa kando akaambiwa anayo, na pengine tangu azaliwe, kutoka kwa mamake. Mtoto mchanga akiambukizwa, 9 kati ya 10 wanabaki nayo, kinga yao haipigani sana, na ini linaweza kuliwa kimyakimya miaka na miaka hadi liwe makovu ama kansa. Kwa hivyo mimi naona hii hoja ya kinga imeulizwa vibaya, cha kuuliza ni kilikupata ukiwa na umri gani. Chanjo iliingia kwa ratiba ya watoto Kenya 2001, sisi tuliozaliwa kabla wengi hatukuipata.

Kweli, sindano 3 za mtu mzima kwa miezi 6 ukilipa mwenyewe zinauma mfuko. Basi anza na kipimo, maana ukiwa nayo tayari chanjo haikusaidii chochote.

Beshte haumwi popote saa hii. Kinachomnyima usingizi ni vile ataanza kumwambia mamake na wadogo zake wakapimwe.