Jeshi la Anga za Mbali la Marekani na bei yake

Alfajiri ya Januari 8, 2020, Iran ilirusha makombora zaidi ya kumi kuelekea vituo vya Iraq vyenye askari wa Marekani, mengi yakilenga kituo cha Al Asad. Katika kituo cha Buckley, Colorado, askari waliokuwa mbele ya skrini waliona joto la injini za makombora hayo kupitia setilaiti, wakatuma onyo. Wenzao wa Al Asad, ambao walikuwa wameshatahadharishwa kwa njia nyingine pia, walipata dakika za kujificha. Zaidi ya 100 waliumia ubongo kutokana na mishindo, lakini hakuna aliyekufa. Jeshi jipya la Anga za Mbali (Space Force), linalosimamia setilaiti za kijeshi, lilikuwa halijatimiza hata wiki tatu, kwani Rais Donald Trump alitia saini sheria ya kulianzisha Desemba 20, 2019.

Watetezi wa jeshi hilo hulitaja tukio hili mara kwa mara, na ni haki yao. Ila setilaiti zilizotumika usiku ule zina historia yake. Mradi wake, SBIRS, ulianza miaka ya 1990 kwa makisio ya takriban dola bilioni 4, ukaja kupita bilioni 19. Setilaiti ya kwanza ya kundi lake kuu, iliyotarajiwa kurushwa mwaka 2002, ilipaa Mei 2011. Mtambo uliosaidia kuokoa maisha Al Asad ni huohuo unaotajwa kila inapozungumzwa fedha za ulinzi zilizoteketea. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema jeshi hili ni mchezo wa kisiasa tu, wala na wanaosema kulianzisha kumemaliza tatizo.

Wazo lenyewe halikuanza na Trump. Mwaka 2001 tume iliyoongozwa na Donald Rumsfeld ilishalijadili, na mwaka 2017 wabunge wawili wa vyama tofauti, Mike Rogers wa Republican na Jim Cooper wa Democrat, walilipeleka bungeni. Hoja yao ilikuwa rahisi kuelewa. Shughuli za setilaiti zilikuwa chini ya Jeshi la Anga, na Jeshi la Anga huongozwa na marubani. Anayepanda cheo ni aliyerusha ndege za kivita. Bajeti ikibana, ndege inalindwa, setilaiti inasubiri. Aliyejenga utaalamu wa miaka 20 katika mizingo ya setilaiti, yaani njia zake za kuzunguka dunia, anajikuta chini ya wakubwa wanaoiona kazi yake kama huduma ya pembeni.

Hoja hiyo inanishawishi, hasa nikitazama walichofanya wapinzani wa Marekani. Januari 2007 China iliipiga kwa kombora setilaiti yake yenyewe ya hali ya hewa, ikaacha vipande zaidi ya 3,000 vikubwa vya kutosha kufuatiliwa kutoka ardhini. Novemba 2021 Urusi ikafanya vivyo hivyo, vipande zaidi ya 1,500, na wanaanga waliokuwa kwenye kituo cha kimataifa, Warusi wakiwemo, wakalazimika kujihifadhi ndani ya vyombo vyao vya kurudia duniani. Marekani nayo ilishatungua setilaiti zake mwaka 1985 na 2008, kwa hiyo hakuna mwenye mikono safi hapa. Na setilaiti zikishambuliwa, hasara haitakuwa ya majeshi peke yake. Mfumo wa GPS unaongozwa na jeshi hili kutoka Colorado, na hautozi mtu senti. Dereva wa bodaboda wa Dar es Salaam anayemfuata abiria kwa ramani ya simu anautegemea sawa na rubani wa kivita.

Waliopinga hawakuwa watu wa kubeza. James Mattis, waziri wa ulinzi wa Trump mwenyewe, aliliandikia Bunge mwaka 2017 akisema hataki jeshi jingine wakati anajaribu kupunguza urasimu. Waziri wa Jeshi la Anga, Heather Wilson, alikadiria mwaka 2018 kwamba mpango huo ungegharimu dola bilioni 13 kwa miaka mitano. Wengi waliona ameikuza hesabu kwa kuwa hakuutaka mpango, na ofisi ya bajeti ya Bunge ilikuja na makisio ya chini zaidi: kati ya dola milioni 820 na bilioni 1.3 za nyongeza kila mwaka. Hata hivyo msingi wa hofu yao ni wa kweli. Jeshi jipya linataka makao makuu, majenerali, vyuo, wanasheria, sare na ofisi ya uhusiano, kabla halijarusha kitu chochote. Na kura za kulipitisha zilipatikana kwa maafikiano: Democrat walipata likizo ya uzazi ya wiki 12 yenye malipo kwa watumishi wa serikali kuu, Ikulu ikapata jeshi lake. Ni maafikiano halali, lakini hayakuwa mjadala wa kina kuhusu ulinzi wa anga za mbali.

Hapo ndipo naona wakosoaji walipolenga pasipo. Bajeti ya jeshi hili kwa mwaka wa fedha 2024 ilikuwa karibu dola bilioni 29, wakati ya Pentagon nzima, yaani wizara ya ulinzi, inapita bilioni 800. Upotevu mkubwa uko katika namna ya kununua, na huko jina la jeshi halibadilishi kitu. Chukua kikombe kimoja. Mwaka 2018 seneta Chuck Grassley alihoji kwa nini Jeshi la Anga linalipa dola 1,280 kwa kikombe cha kuchemshia vinywaji ndani ya ndege. Mpini wake wa plastiki ulikuwa ukivunjika kikidondoka, na kwa kuwa mpini peke yake hauuzwi, kilinunuliwa kikombe kizima. Askari wa kituo cha Travis, California, wakabuni mpini wa kuchapwa kwa mashine ya 3D, wa takriban senti 50. Wao waliuona mpini. Waliokuwa wakiidhinisha malipo waliona namba ya kipuri na jina la muuzaji aliyeruhusiwa, wakasaini.

Kikombe ni kidogo, lakini utaratibu ni uleule kwenye mabilioni. Mradi mzima wa ndege za kivita za F-35 unakisiwa kugharimu zaidi ya dola trilioni 2 hadi mwisho wa maisha yake, nyingi zikiwa za matunzo. Wasomaji waliozoea ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali ya Tanzania, watanielewa haraka: tangu ukaguzi wa hesabu zake zote uanze mwaka 2018, Pentagon haijawahi kupata hati safi. Wakaguzi hushindwa hata kuthibitisha thamani ya mali iliyomo maghalani.

Je, jeshi jipya limebadilisha lolote? Kiasi. Shirika lake la kuendeleza setilaiti, lililojiunga nalo mwaka 2022, hununua setilaiti ndogo nyingi kwa mafungu, kutoka kampuni kadhaa, badala ya chache kubwa zinazosubiriwa muongo mzima. Nalo limechelewa hapa na pale, lakini kosa la fungu moja linaweza kurekebishwa katika linalofuata, na hayo ni maendeleo ya kweli. Upande wa pili kuna programu mpya ya kuongozea GPS, OCX. Mkataba wake na Raytheon ulisainiwa mwaka 2010, gharama zikafumuka hadi Pentagon ikalazimika kulitaarifu Bunge rasmi mwaka 2016. Jeshi la Anga za Mbali liliirithi, likatimiza miaka mitano bado ikiwa haijaanza kazi.

Kinachonitia hofu zaidi sasa ni Golden Dome, ngao ya kuzuia makombora aliyoitangaza Trump Mei 2025 kwa bei ya dola bilioni 175, chini ya usimamizi wa Jenerali Michael Guetlein wa jeshi hilihili. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba silaha za kutunguia makombora kutoka kwenye setilaiti peke yake zinaweza kugharimu kati ya bilioni 161 na 542 kwa miaka 20. Pengo hilo lina sababu. Setilaiti ya mzingo wa chini haisimami juu ya nchi ya adui, inapita. Ili chache ziwe mahali pake kombora linaporuka, lazima mamia au maelfu yawe yanazunguka dunia, na baada ya miaka michache huanguka, zikanunuliwa upya. Watetezi husema urushaji umekuwa rahisi sana tangu enzi za Ronald Reagan, aliyetangaza ndoto kama hii mwaka 1983. Ni kweli umeshuka bei. Lakini adui naye huongeza makombora kwa gharama ndogo kuliko ya kuongeza ngao.

Tangu 1982 Marekani ina sheria ya Nunn-McCurdy, inayotaka mradi wa silaha uliovuka gharama kwa kiwango kikubwa uripotiwe bungeni, na ukizidi zaidi ufutwe isipokuwa waziri athibitishe kwamba unahitajika. SBIRS iliivunja mara nne na haikufutwa. Pamoja na udhaifu huo, sheria ile ina nguvu moja: hupima ongezeko kutoka kwenye makisio ya kwanza yaliyowekwa rasmi. Kwa hiyo Bunge lidai makisio hayo kwa kila sehemu ya Golden Dome, kwa maandishi na hadharani, kabla mkataba mkubwa haujasainiwa. Mkandarasi akishaanza kujenga katika majimbo 30 au 40, hakuna mbunge atakayepiga kura ya kufunga kiwanda cha jimboni kwake.