Ukimkodishia Msusi Kiti, Usimpangie Saa ya Kuingia

Kila wiki kwenye magrupu ya wasusi wa Dar es Salaam linapita tangazo la kiti cha kukodi. Saluni hubadilika, masharti ni yaleyale. Msusi awe na vifaa vyake na wateja wake. Alipe kodi ya mwezi kabla hajakaa, na hela ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kila siku. Aingie saa mbili asubuhi, atoke saa tatu usiku. Akichelewa, faini. Bei ni za saluni, na mteja analipia kaunta.

Yasome tena taratibu. Nusu ya masharti hayo ni ya mpangaji: unalipa, unakuja na vyako, mteja asipotokea hasara ni yako. Nusu nyingine ni ya mwajiriwa: saa za bosi, bei za bosi, faini za bosi, na hela inapita kwanza mkononi mwa bosi. Mwenye saluni amejichagulia yanayomfaa huku na huku. Msusi kaachiwa mizigo yote miwili, wala hana hata haki moja ya upande wowote. Hilo linaniudhi, na linaniudhi zaidi kwa sababu sisi wenyewe tumelizoea hadi tunaliita utaratibu.

Tupige hesabu ya mfano. Kodi Sh150,000 kwa mwezi, LUKU Sh2,000 kwa siku, siku 26 za kazi. LUKU peke yake inafika Sh52,000, jumla Sh202,000. Anayesuka knotless, yaani msuko usio na fundo kwenye shina, kwa ufundi wa Sh35,000, rasta (nywele za kuongezea) akija nayo mteja, lazima amalize vichwa sita kabla hajagusa shilingi yake. Kichwa kimoja kinakula saa tano mpaka sita. Hiyo ni karibu wiki nzima ya kusimama kwa ajili ya kiti tu. Sasa mwongezee faini ya kuchelewa kwa sababu mwendokasi ulijaa.

Hiyo LUKU nayo tuitazame, maana wengi wanalipa bila kuuliza. Kwa bei ya kawaida ya Sh356 kwa uniti, Sh2,000 ni uniti tano na nusu hivi. Draya ya kofia ya wati 1,000 ikiwaka dakika 45 inakula robo tatu ya uniti, sawa na Sh267. Draya ya mkono ya wati 2,000 kwa robo saa ni nusu uniti, Sh178. Msusi wa knotless hata draya haihitaji: anachemsha birika moja la umeme achovye ncha za msuko, na hilo halifikishi Sh100. Ili amalize Sh2,000 kwa siku itabidi aiwashe draya ya kofia saa tano na nusu mfululizo. Taa, feni na redio ni vya wote, sawa, vigawanywe kwa idadi ya viti. Lakini viti vitano vikitoa Sh2,000 kila kimoja, ni Sh10,000 kwa siku. Mwambie mwenye saluni akuonyeshe ujumbe wa tokeni za mwezi uliopita. Na kwenye tokeni hizo kuna kodi ya jengo, Sh1,500 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mwenye saluni wala ya msusi, na iwe inapunguzwa kwenye kodi ya pango.

Nirudi kwenye jambo lenyewe. Tanzania tuna sheria inayoujua mchezo huu tangu mwaka 2004. Ni Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61. Inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi au kumpa huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo lolote kati ya mambo saba. Namna anavyofanya kazi iko chini ya usimamizi au maelekezo ya mwingine. Saa zake za kazi zinapangwa na mwingine. Kama anafanya kazi kwenye taasisi, yeye ni sehemu ya taasisi hiyo. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea kiuchumi. Anapewa naye zana za kazi. Au anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Lolote. Hayadaiwi yote saba. Na mpaka ithibitishwe vinginevyo maana yake mzigo wa kuthibitisha unahama: msusi akishaonyesha kwamba anafanya kazi kwa ajili ya saluni na kwamba saa zake zinapangwa, ni mwenye saluni atakayehangaika kueleza kwa nini huyu si mfanyakazi wake. Karatasi iliyoandikwa juu yake "mkataba wa kukodi kiti" haimalizi habari. Kinachotazamwa ni mambo yanavyokwenda kweli mle ndani.

Hapa lazima niseme upande wa pili, maana wakili wa mwenye saluni atausema. Atadai kwamba msusi hamfanyii yeye kazi, anawafanyia wateja wake mwenyewe, yeye amempa nafasi tu. Hoja hiyo ina nguvu pale ambapo msusi anajipangia bei, anapokea hela kwenye simu yake, anakuja na kuondoka atakavyo, na wateja ni wake. Msusi wa namna hiyo kweli amejiajiri, na asijidanganye kwamba kifungu cha 61 kitambeba. Lakini bei zikibandikwa ukutani na saluni, hela ikaingia lipa namba ya saluni, mteja wa kupita njiani akagawiwa na dada wa kaunta, na msusi akaandikwa kwenye daftari la mahudhurio, hoja hiyo haina pa kusimama.

Ndiyo maana nawaambia wenye saluni: faini ya kuchelewa mnayoipenda ni ushahidi dhidi yenu. Kila mkiandika kwenye grupu kwamba fulani kachelewa dakika ishirini na adaiwe Sh5,000, mnaandika kwa mkono wenu kwamba mnampangia saa. Na akihesabika mwajiriwa, vinafuata vyake. Saa za kawaida za kazi chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Kuingia saa mbili asubuhi na kutoka saa tatu usiku ni saa 13. Zipo siku 28 za likizo ya mwaka. Ipo michango ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ipo notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Kwa mwanamke anayejifungua zipo siku 84 za likizo yenye malipo, na hili la uzazi ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu saluni ni kazi ya wanawake kwa wanawake. Msusi anasimama na tumbo la miezi minane, anaomba ashikiwe kiti miezi mitatu tu, akirudi anakuta mwenzake amekaa na wateja wameshazoea mkono mpya. Anaambiwa wewe ulikuwa mpangaji, kodi yako iliisha. Mpangaji huyohuyo alikuwa anatozwa faini kwa kwenda kliniki asubuhi.

Wenye saluni nao wana shida zao, sikatai. Fremu, yaani chumba cha biashara, inalipiwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Leseni ya biashara na TRA vinamwangalia yeye. Wapo wasusi wanaoondoka usiku na deni la wiki tatu na draya ya saluni. Dawa ya hayo ni dhamana ya mwezi mmoja na orodha ya vifaa iliyosainiwa. Kumfuga mtu mzima kwa saa na faini hakurudishi draya.

Kama kweli ni kukodi, basi iwe kukodi. Mkataba wa mdomo unatambulika kisheria, lakini siku ya ugomvi kila mtu anakumbuka lake, kwa hiyo andikeni. Ukurasa mmoja unatosha, nakala mbili, saini kila ukurasa, shahidi mmoja kila upande, na ikiwezekana mhuri wa serikali ya mtaa. Kiti kitajwe kipi: cha pili kutoka mlangoni, kioo chake, droo yake yenye kufuli na funguo iko kwa nani. Kodi ni kiasi gani, tarehe ngapi, na inalipwa kwa namba ipi ya simu, maana malipo ya mkononi bila risiti ndiyo yanayozaa deni lisilokuwepo. Kodi inajumuisha nini: maji, sinki, taulo, mlinzi, taka. Umeme unahesabiwaje. Saluni ikifungwa kwa sababu isiyo ya msusi, umeme umekatwa siku tatu au mwenye saluni ana msiba, siku hizo zinapunguzwa kwenye kodi au la. Msusi akiugua au akijifungua, kiti kinashikwa muda gani, na je, anaruhusiwa kumweka mwenzake wa kushikilia. Notisi iwe sawa pande zote mbili. Mwezi mmoja kwa msusi na siku mbili kwa mwenye saluni si makubaliano.

Dhamana iandikwe itarudi lini na inaweza kukatwa kwa lipi tu. Andikeni pia, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba vifaa vya msusi si dhamana ya deni lolote na ataruhusiwa kuvichukua siku yoyote. Bila sentensi hiyo utakuta taa ya kucha, mashine ya kunyolea na boksi la rasta vimefungiwa ndani kwa deni la Sh40,000. Vipige picha vyote siku ya kwanza, pamoja na namba zilizobandikwa chini ya mashine, uvitume kwa mwenye saluni siku hiyohiyo ili tarehe ibaki.

Wateja ni wa aliyewaleta. Kama saluni inataka msusi asichukue namba za wateja wa kaunta, iseme hivyo kwenye mkataba na imlipe kwa kuwahudumia wateja hao. Na hela ya mteja iingie kwa msusi. Ukikubali kila kitu kiingie lipa namba ya saluni halafu upewe chako Jumamosi jioni, umejigeuza mdai wa bosi wako, na siku biashara ikiyumba wewe ndiye wa mwisho kulipwa.

Kuna mtego mmoja wasioufikiria hata wajanja: fremu yenyewe. Mwenye saluni mara nyingi naye ni mpangaji. Mikataba mingi ya fremu inakataza kupangisha mtu mwingine bila ruhusa ya mwenye nyumba. Kodi yake ikiisha, kufuli linawekwa mlangoni na vitu vyako viko ndani, na mwenye nyumba hakujui. Kabla hujatoa hela ya miezi mitatu, omba kuona mkataba wa fremu. Angalia unaisha lini na unasema nini kuhusu kupangisha tena. Mkataba wa fremu ukiisha Agosti, usilipie kiti mpaka Oktoba. Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Mwenye saluni akikasirika kwa kuulizwa hivyo, umeshapata jibu.

Ukitolewa ghafla, kwanza amua wewe ni nani. Kama ulikuwa mpangaji wa kweli na unadai dhamana au kodi uliyotanguliza, hiyo ni kesi ya mkataba. Anza na barua ya madai yenye kiasi na siku za kulipa, pitia serikali ya mtaa kwa usuluhishi, ikishindikana nenda Mahakama ya Mwanzo. Kama ulikuwa unapangiwa saa na bei, njia yako ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Unajaza Fomu Na. 1, nakala unampelekea kwanza mwenye saluni na kuchukua uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha ofisini na uthibitisho huo. Madai ya kuachishwa kazi isivyo halali yana siku 30 tangu uachishwe. Madai mengine, kama ujira ambao hukulipwa, siku 60. Ukipitisha muda lazima uombe kuongezewa na ueleze sababu ya kila siku uliyochelewa, na kusema ulikuwa unasubiri bosi apoe hakutakusaidia. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita hawezi kudai uachishwaji usio halali, ila ujira wake anaudai.

Ushahidi wako ni wa kawaida kabisa: miamala ya kodi, picha ya bei ukutani, picha ya daftari la mahudhurio, jumbe za faini kwenye grupu. Kitu cha kwanza watakachofanya ni kukutoa kwenye grupu. Jumbe za zamani zinabaki kwenye simu yako, basi siku hiyohiyo zihamishie kwenye barua pepe pamoja na tarehe zake, kabla simu haijaibiwa au kuharibika.