Waya Uliorudi Nyumbani

Nyumba yetu ya Mwanga, hapa Kigoma, ina kuta nene za matofali ya kuchoma, ambazo huzuia jua, huzuia kelele za jirani na, kama nilivyokuja kugundua, huzuia pia waifai. Mke wangu ana duka la kuchapa na kutoa nakala barazani, ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, iko sebuleni, na kila mteja alipoleta kazi ya kuchapa, ilinilazimu nisimame mlangoni nikiwa nimenyoosha mkono wenye simu kama mtu anayeita mtumbwi. Ndipo nilipoamua kutandaza nyaya.

Nilinunua swichi, si ile ya kuwashia taa, bali kile kisanduku chenye matundu manane ya kugawa mtandao. Nyaya nilizikata na kuzifunga plagi mwenyewe, nikiimba mpangilio wa nyuzi nane kwa rangi zake: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Plagi sita za kwanza ziliishia jalalani. Hata hivyo, kufikia Ijumaa jioni kompyuta ya dukani, printa, runinga na kompyuta ya kijana wangu vyote vilikuwa vimeunganishwa, na waya mmoja wa ziada, uliokwisha kuchomekwa kwenye swichi upande mmoja, ulikuwa ukimsubiri mpangaji wa chumba cha uani.

Kwa furaha niliikusanya familia na kuihutubia. Nilisema kwamba kila waya una tundu lake, na kwamba katika nyumba yangu sitaki kuona waya unaolala sakafuni. Mama mkwe, ambaye alikuwa amewasili siku hiyo kutoka Ujiji na galoni la mawese, alisikiliza kwa makini huku akichambua dagaa.

Jumamosi asubuhi hapakuwa na mtandao. Nilizima ruta nikaiwasha. Mtandao ukarudi kwa sekunde chache, kisha ukakata roho. Nilirudia mara nne. Nilipiga simu kwa watoa huduma nikamfokea binti wa watu, ambaye kwa upole aliniambia kwamba kwao kila kitu kiko sawa. Nikamjibu kwamba basi ni panya, nikapanda darini na tochi, nikashuka na utando wa buibui kichwani na bila ushahidi wowote. Dukani wateja walikuwa watano. "Baba watoto," mke wangu aliniita kwa ile sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko kelele, "hivi kabla ya nyaya zako si tulikuwa tunachapa?"

Mwishowe nilimwita mpwa wangu, anayesomea kompyuta. Hakugusa kitu. Alichuchumaa mbele ya swichi, akazitazama taa zake, ambazo kwa kawaida kila moja hupepesa kwa wakati wake, lakini siku hiyo zote zilipepesa pamoja, kwa kasi, kama za ukumbi wa harusi.

"Mjomba, huu waya unatoka wapi na unakwenda wapi?"

Niliufuata kwa vidole, nyuma ya kabati, chini ya kochi, kuzunguka mguu wa meza, hadi nikafika kwenye swichi ileile nilikoanzia. Hata reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ilikuwa na adabu ya kuishia ziwani. Waya wangu haukuwa na mwisho.

Mpwa alinieleza kwamba kifaa kinapotoa tangazo kwa wote, swichi hulinakili na kulipeleka kwenye kila tundu isipokuwa lile lilikotokea. Ukiwapo mzunguko, tangazo hurudi, hunakiliwa upya, hurudi tena, sawa na mpiga mbiu wa sokoni anayesikia mwangwi wa mbiu yake na kuitangaza kama habari mpya, mpaka hapabaki nafasi ya mtu mwingine kusema neno. Swichi za gharama huweza kuligundua tundu la namna hiyo na kulifunga, kwa utaratibu ambao Radia Perlman wa Marekani aliubuni mwaka 1985. Yangu niliichagua kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko zote.

"Nani amechomeka huu?" niliuliza, kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Ni mimi, mwanangu," alijibu mama mkwe kwa fahari. "Niliukuta alfajiri umelala chini, nami nikakumbuka ulivyotuusia. Tena tundu lilikuwa wazi."

Mkwe hafokewi. Nilimshukuru, nikamsifu kwa usikivu wake, na mpwa akatoka nje haraka akidai anakwenda kunywa maji. Nilichomoa ncha moja, taa zikatulia, na printa ikaanza kutema kazi zote za asubuhi kwa mpigo.

Hapo hapo simu ikalia. Alikuwa yule binti wa huduma, akitaka kujua kama tatizo limepatikana. Mama mkwe alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, ungo mapajani.

"Limepatikana," nilisema. "Alikuwa panya, kama nilivyokwambia."

Mama mkwe akaacha kuchambua, akainua kichwa. "Panya yupi huyo, mwanangu?"