Simu ya Mkaguzi, Shilingi Mia Mbili

Darasa la pili ukitaka likuelewe, lipe kitu mkononi. Ukisimama na chaki ukaanza kusema tano kujumlisha nne, nusu ya darasa inamwangalia mjusi ukutani, nusu nyingine inagombania ufutio. Ndiyo maana tangu mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, uanze mwaka 2015, mimi maisha yangu ni kuokota: vifuniko vya soda, mabua, makopo, maboksi. Asubuhi nikipita mbele ya baa nimeinama nachagua vifuniko, wasionijua wananisikitikia.

Na zana zenyewe hazikai. Maharage ya kuhesabia yalirudi nyumbani mifukoni, yakaungwa nazi. Moja tu halikufika jikoni, liliingia puani mwa mtoto likakataa kutoka. Haragwe likipata unyevu linavimba, na hilo somo la sayansi siku hiyo lilijifundisha lenyewe. Zahanati wakalitoa, mtoto akadai arudishiwe kwa sababu ni la kwao. Vifuniko vya soda vilichukuliwa na darasa la saba vikawa kete za drafti. Herufi za udongo wa mfinyanzi zilidumu mpaka mvua ya kwanza, maana paa letu linavuja mahali pamoja tu, na mahali hapo ni juu ya kabati langu.

Basi tulipofika mada ya fedha nikasema, hapa tunafungua duka.

Shule yetu iko Muheza, huko ndani kwenye machungwa. Hawa watoto biashara wameizaliwa. Msimu ukifika, malori yanakuja mpaka kutoka Kenya, na mtoto wa miaka saba anajua bei ya gunia kabla hajajua kuandika jina la baba yake. Nikawaambia kila mmoja alete kasha tupu kutoka nyumbani: la majani ya chai, la dawa ya meno, la sabuni, la viatu. Yakaja mengi, mengine na mende ndani. Noti nikatengeneza kwa manila. Toleo la kwanza niliziunganisha kwa gundi ya uji wa muhogo, panya wakala uchumi wote kwa usiku mmoja. Toleo la pili halikuwa na gundi. Mtaala kwa umri ule unaridhika na hela ndogondogo, lakini watoto walitaka simba wa elfu mbili, nami nikamchora. Wakamwangalia kwa makini, na kuanzia hapo noti ile ikaitwa ya paka.

Muuzaji nikamteua binti mmoja mwembamba, mjukuu wa mwenye duka la pale stendi. Alikuja na sheria zake. Akataka daftari la mauzo. Akataka na maandishi ukutani, nami nikaandika kwa herufi kubwa, maana hayo pia ni kusoma: LEO TASLIMU KESHO MKOPO. Chini yake: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Darasa zima tukayasoma kwa sauti kila asubuhi, kama wimbo wa taifa.

Mkaguzi alikuja bila taarifa. Siku hizi anaitwa mthibiti ubora wa shule, lakini sisi wazee wa chaki tukiona tu pikipiki ngeni na faili la plastiki, mdomo wenyewe unasema mkaguzi. Mtu mzima, kipara, kofia nzuri ya kitambaa. Watoto wakasimama: "Shikamoo babu!" Nikaona hilo la babu limemchoma kidogo, akaitikia marahaba ya haraka haraka.

Pa kukaa ndipo palipokuwa shida. Mwongozo unasema wanafunzi 45 kwa darasa. Mimi, tangu elimu bila ada ianze 2016, sijapungukiwa na mia na kitu. Kiti pekee kilichokuwa wazi ni cha pembeni ya meza ya duka. Akakaa. Akafungua faili. Akatoa simu yake, ile kubwa ya kupangusa, akaizima sauti kwa heshima ya kipindi, kisha akaiweka mezani. Kwa maneno mengine, aliiweka dukani, kati ya kasha la dawa ya meno na boksi tupu la simu ambalo tulikuwa tunaliuza mia tatu.

Mimi nilikuwa mbele, nasimamia foleni. Niliyoyasimulia hapa mengine niliyapata baadaye kwenye daftari la mauzo na katika ushahidi wa mashuhuda. Muuzaji aliiona bidhaa isiyo na bei. Akafikiri. Boksi la simu ni mia tatu. Hii ni simu haina boksi. Basi mia mbili. Akaandika karatasi, akaibandika.

Sasa, darasani kwangu kulikuwa na kijana mmoja mkimya, tangu Januari hajanyoosha kidole. Nilikuwa nimeshamwandikia mzazi wake. Siku ile akanyoosha! Nikasimamisha darasa zima. "Haya, njoo baba, nunua unachotaka." Akaenda, akanyoosha kidole pale mezani, akatoa noti ya mia tano. Nikauliza, "Mia tano kutoa mia mbili, arudishiwe ngapi?" Darasa likajibu mpaka bati likatikisika: "Mia tatuuu!" Chenji ikahesabiwa, sahihi kabisa. Nikasema apigiwe makofi ya mvua. Tukapiga, pa pa pa, na mkaguzi naye akapiga, tena kwa moyo, kisha akainama akaandika jambo refu kwenye faili lake.

Simu yake ikatumbukia kwenye mkoba wa sandarusi.

Kengele ikagongwa, ile rimu ya gari kwenye mwembe, watoto wakatoka kwenda kunywa uji. Mkaguzi akanipongeza. Akasema ushiriki wa wanafunzi ni wa hali ya juu, zana ni halisi. Akapapasa meza. Akapapasa mifuko. Akachungulia chini ya kiti. Mwalimu Mkuu, ambaye alikuwa mlangoni akitabasamu tangu saa mbili, tabasamu likamganda.

"Mkuu, labda umeiacha kwenye pikipiki."

"Nilikuwa nayo hapa, mwalimu wangu. Hapa."

Mwalimu Mkuu akapiga namba yake. Inaita tu. Sauti si ameizima mwenyewe. Akatoka nje akapaza sauti, "Hakuna mtu kutoka nje ya geti!" Geti hatuna, tuna michongoma, na upande wa kisimani hata hiyo hatuna. Akaanza kuulizia fimbo. Mimi ndipo macho yangu yalipoangukia daftari la mauzo, limeachwa wazi mezani. Mstari wa mwisho, mwandiko umenyooka, hakuna herufi iliyopinda: *simu ya babu 200*.

Nikampa mkaguzi asome mwenyewe. Akasoma. Akasoma tena. Kusoma, kuandika na kuhesabu, zote tatu katika mstari mmoja, angetaka nini zaidi?

Tukaenda kwenye foleni ya uji. Yule kijana mkimya hakuwa nayo, alishaiuza mia tano. Siku moja amezungumza, siku hiyohiyo amepata faida ya mia tatu. Aliyeinunua ni mtoto wa dalali wa machungwa, na huyo tulimkuta chini ya mwembe amezungukwa na watu, anaonesha kuwa tochi inawaka.

"Hiyo simu ni ya babu," nikamwambia. "Mrudishie."

Akaniangalia kwa huruma. "Mwalimu, mali ikishauzwa?"

Na watoto wote waliokuwa pale, na wa darasa la kwanza ambao hata hawakuhusika, wakaitikia: "Hairudishwiii!"

Mwalimu Mkuu alikuwa amefika na kifimbo chake. Mkaguzi akainua mkono. Nadhani alikuwa mwalimu mzuri enzi zake, kabla ya pikipiki na faili. "Acha, Mwalimu Mkuu. Hili ni zoezi, tusiliharibu." Akachuchumaa. "Unauza shilingi ngapi, mjukuu wangu?"

"Elfu moja. Maelewano yapo."

Wakaelewana mia tano. Mkaguzi akachomoa pochi, akatoa noti mpya ya elfu moja, ya Benki Kuu, yenye sura ya Mwalimu Nyerere. Mtoto wa dalali akamwita muuzaji aje aihakiki. Binti akaigeuza huku na huku, akairudisha. "Hii si ya hapa."

Ningempa hela mimi, benki ni yangu, lakini nilikuwa nimegawa noti zote asubuhi na boksi lilikuwa tupu. Na mkopo, kama mnavyojua, ni kesho. Kwa hiyo mkaguzi wa shule akarudi darasani, akapanga foleni nyuma ya watoto waliotaka kununua sabuni, ili auze vitu vyake apate mtaji. Kalamu yake muuzaji aliinunua mia moja na hamsini baada ya kuijaribu kwenye kiganja. Kofia, mia mbili na hamsini. Leso aliikataa, akasema imetumika.

"Sasa babu una ngapi?" binti akamuuliza.

Jua lilikuwa kali, mtu ametoka mbali na pikipiki, ana mawazo ya simu. Akajibu, "Mia tatu."

"Hapanaaa!" Darasa likapata raha ambayo sijawahi kulipa mimi. Na kwa sauti yangu ileile, mpaka ile ya kuvuta mwisho, binti akamwambia: "Siyo mbaya, jaribu tenaaa."

Akahesabu kwa vidole, mbele ya watu. Mia nne. Akapigiwa makofi ya mvua.

Ilibaki mia moja. Alitafuta, akatafuta, akaishia kuuza lile faili la plastiki, karatasi akabaki nazo mkononi. Akalipa mia tano, simu ikatoka kwenye mfuko wa kaptura ikiwa na alama za vidole vya uji kioo kizima. Simu zilizokosa kupokelewa zilikuwa nyingi, zote za Mwalimu Mkuu. Akashukuru, akainuka aende zake.

"Babu!" Muuzaji alikuwa ameshika karatasi na ile kalamu yake mpya. "Ukiuza toa risiti, ukinunua?"

Lile tangazo la mamlaka ya mapato linapigwa redioni kila siku, hakuna mtoto asiyelijua. Mkaguzi akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Dai risiti."

"Hujadai."

Akarudi. Akasubiri. Mtoto wa darasa la pili akiandika neno simu, ulimi nje, ni kazi ya muda, na hakuna anayeruhusiwa kumharakisha. Hilo hata mwongozo wa mkaguzi unalisema. Risiti ikakunjwa mara nne, akapewa.

Mwalimu Mkuu akamsindikiza mpaka kwenye pikipiki akiomba radhi kwa kila hatua. Jua la Muheza saa sita halichezi, na kipara kilikuwa kinang'aa. Alipokuwa anapiga kiki, mtoto wa dalali akatokea upande wa mwembe anatembea taratibu, mikono nyuma, kichwani kofia ya kitambaa imemshuka mpaka puani.

"Babu," akasema, "kofia ipo. Elfu moja."

Akaisukuma juu kidogo ili aone uso wa mteja.

"Maelewano yapo."