Reli ya Zigi ilikufa, njia yake tuitembee kwa miguu

Mimi nasema wazi, Tanga tuna njia ya kutembea ya maana sana na tumeiacha tu pale porini. Mto Zigi unatoka kule juu Amani msituni, unashuka upande wa Muheza, unajaza bwawa la Mabayani ambalo ndo linatunywesha watu wa mjini, halafu unakuja kutokea Amboni kwenye mapango na maji moto. Juu kuna reli ya zamani, chini kuna chemchemi ya salfa, na mto ni mmoja, sasa jamani tunangoja nini?

Reli ile kubwa kila mtu anaijua, Wajerumani walianza kuijenga hapa Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule mkonge ulipoingia nchini. Kilichosahaulika ni kale katawi kake kalikotoka Tengeni, upande wa Muheza, kwenda stesheni ya Zigi chini ya msitu wa Amani, kama kilomita 23 hivi, kazi yake kushusha mbao za msituni Usambara. Vyuma viling'olewa zamani sana. Ila treni haiwezi mlima mkali, kwa hiyo waliojenga walilazimika kuchonga kilima taratibu mteremko uwe mdogo, na ndo maana palipowahi kupita reli hata mama mwenye magoti mabovu anapanda bila kuhema. Na jengo la stesheni pale Zigi bado lipo, limekarabatiwa, ndo wanapopokelea wageni wa hifadhi ya Amani. Yaani mwisho wa njia ushapatikana tayari!

Wenzetu wameshafanya. Kule West Virginia, Marekani, kuna reli iliyokuwa inabeba magogo kando ya mto Greenbrier, ikafungwa, wakaigeuza njia ya miguu na baiskeli, zaidi ya kilomita 120, na jirani yake kuna mji unaitwa White Sulphur Springs ambao watu wanaufuata kwa ajili ya maji ya salfa tangu miaka ya 1700. Magogo, mto, salfa, vyote hivyo si na sisi tunavyo?

Sasa njoo chini Amboni. Yale maji yanaitwa Galanos, jina la yule Mgiriki wa mashamba ya mkonge, na harufu ya mayai viza inakupokea kabla hujayaona. Ukichuchumaa pale maji yanapotokea utaona utando mweupe umeganda kwenye mawe kama maziwa yaliyokatika, na ukiwa umevaa pete ya fedha ivue, maana salfa inaigeuza nyeusi. Wazee wanakuja kuogea ngozi na viungo, mimi siyo daktari siwezi kukuambia inatibu nini, ila nawaheshimu wanaotoka mbali kuja kuoga pale, na naumia kuona majengo ya kuogea ya enzi za mkonge yalivyochakaa, mtu mzima hana hata pa kubadilishia kanga kwa stara.

Najua kuna watakaosema tutengeneze barabara ya magari kwanza. Mi sikubaliani. Gari linashusha wageni mapangoni, wanapiga picha na popo, saa moja wameondoka, na kijiji hakijauza hata dafu. Anayetembea kwa miguu anachoka, ananunua chungwa la Muheza, anakula, anauliza habari za mto, pengine analala.

Wala sisemi tuanze na njia yote kutoka Amani mpaka Amboni, hiyo ni ndefu na katikati kuna mashamba ya watu, lazima wenyewe wakae kwanza na serikali za vijiji vyao wakubaliane nani anapitisha na nani analipwa. Tuanze na kipande cha Tengeni na Zigi, wazee wa pale watuonyeshe tuta lilipita wapi, vijana wafyeke, tuweke vibao. Na kule Galanos choo na vyumba viwili vya kubadilishia nguo, cha wanawake na cha wanaume, hivyo vijengwe hata mwaka huu.