Dawa Mbadala ya Kupaka: Jina Lisomwe Lote

Sioni sababu ya kuikataa dawa mbadala ya steroidi ya kupaka (ile ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi), yaani yenye kiambato kile kile ila imetengenezwa na kampuni nyingine, eti kwa kuwa kasha lake halina jina la kibiashara tulilolizoea. Kwa dawa hizi za kupaka kipo kipimo cha kulinganisha nguvu, kilichobuniwa mwaka 1962, ambacho mamlaka ya dawa ya Marekani inakitumia hadi leo: dawa hupakwa kwenye ngozi isiyo na ugonjwa, kisha huangaliwa jinsi ngozi inavyopauka kadiri mishipa midogo ya damu inavyosinyaa. Mbadala uliofaulu kipimo hicho mimi huuchukua bila wasiwasi, mradi uwe kweli ni dawa ile ile.

Kasheshe huanzia kwenye maneno hayo, "dawa ile ile". Niliwahi kuandikiwa marhamu (dawa ya mafuta mazito) ya steroidi iitwayo betamethasoni valerati kwa ajili ya ukurutu wa viganja, nikapewa krimu na kuambiwa kwamba hakuna tofauti, kwani jina ni hilo hilo na asilimia ni 0.1 vilevile. Usiku huo krimu iliniwasha kwenye nyufa za vidole kama ndimu kwenye kidonda, na asubuhi viganja vilikuwa vikavu kama gome. Marhamu huifunika ngozi, huzuia unyevu usipotee na kuisaidia dawa kupenya, ndiyo maana huandikwa kwa ngozi kavu na nene. Krimu, yenye maji ndani yake, hufaa zaidi ngozi inayotoa majimaji. Isitoshe, krimu huwekewa vihifadhi, na baadhi ya watu wana mzio navyo, wakajikuta wanajipaka kile kile kinachowawasha.

Asilimia nazo huwapotosha wengi. Klobetasoli propionati ya asilimia 0.05 ina nguvu kubwa mno kuliko haidrokotisoni ya asilimia 1, ingawa tarakimu yake ni ndogo mara 20. Kinachonitisha zaidi ni klobetasoni butirati, ambayo nayo huuzwa kwa asilimia 0.05: ukiyasoma majina hayo mawili harakaharaka utadhani ni dawa moja, ilhali katika madaraja manne yanayotumika Uingereza klobetasoni ni ya nguvu ya wastani na klobetasoli iko daraja la juu kabisa, ambalo likitumiwa usoni kwa muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba na kuonyesha mishipa. Kwa hiyo neno la pili la jina, lile la valerati au propionati, si pambo.

Nilirudi na tyubu yangu pamoja na cheti cha daktari. Mfamasia wa zamu hiyo alivisoma vyote viwili, akainama rafu ya chini na kunitolea marhamu ya betamethasoni valerati ya asilimia 0.1, yenye jina la kampuni nisiyoijua kabisa, tena kwa bei ya chini kuliko ile krimu.